Kwa nyie mlionunua cherehani juzi na mna kitenge kizuri kabatini

Naona siku hizi wengi mmeanza kushona nyumbani, safi sana, ila kuna mambo mi nimeyajua kwa kuharibu vitambaa vyangu na vya watu na sioni haja na nyie mpite njia hiyohiyo. Kwanza niseme sijasomea ufundi. Nashona vitu vya nyumbani tu, foronya, mapazia, mifuko, aproni, mwaka wa saba huu, gauni mniache kabisa, gauni langu hadi leo nampelekea fundi. Na katika miaka yote hiyo nilichokiona ni kwamba kitambaa hakiharibikii kwenye cherehani kama watu wanavyodhani, kinaharibikia kwenye mkasi. Mshono ukienda upogo unafumua, robo saa umerudi ulipokuwa. Ukishakata umekata, hakuna fundi wa kukirudisha.

Ntawapa kisa. Mama mdogo alinipa wax ya Uholanzi, ile yenyewe, Vlisco, yadi 6, dizaini ya ndege wanaoruka kama mbayuwayu. Wale jamaa wako mji wa Helmond tangu 1846, wax zao zilianza kwa kuiga batiki za Java kwa mashine, na mpaka leo wax ya kweli inachapwa utomvu kama nta pande zote mbili za pamba halafu ndo inatiwa rangi, palipo na nta rangi haishiki, nta ikipasukapasuka rangi inapenya ndo unaona vile vistari kama mishipa ya jani. Ndo maana ukiigeuza mbele na nyuma huoni tofauti. Sasa hii kwa anayeanza ni neema maana huwezi kukosea upande, tofauti na vitenge vingi vya bei rahisi ambavyo vimechapwa upande mmoja tu na nyuma vimefifia, hivyo weka alama ya chaki upande wa nyuma kabla hujakata hata kipande kimoja, ukisema utakumbuka hutakumbuka.

Turudi kwa ndege. Nilikuwa nimeangalia video moja ya mzungu anashona foronya, kasema kunja kitambaa ukingo kwa ukingo ukate vipande viwili kwa mkupuo mmoja, uokoe muda. Nikakunja. Nikakata. Nikashona foronya sita nikazipanga kwenye kochi, nikarudi nyuma niangalie kazi yangu, mitatu ndege wanapaa, mitatu ndege wanaanguka kichwa chini kama wamepigwa manati. Nilikaa chini.

Kilichotokea ni hiki, na sijakikuta kwenye video yoyote. Vile vitambaa vya wenzetu mara nyingi picha inasimama kufuata urefu wa robota, kwa hiyo kukunja ukingo kwa ukingo hakuna shida. Kitenge chetu kimechorwa mtu akifunge kiunoni. Ukijifunga kitenge kingo mbili, ile moja yenye maandishi, ziko wapi? Moja juu kiunoni, moja chini miguuni. Maana yake kwenye vitenge vingi juu ya picha ni ukingo mmoja na chini ya picha ni ukingo wa pili, ukivikutanisha lazima safu ya chini igeuke kichwa chini. Ukitaka kukata viwili kwa pamoja kunja ncha kwa ncha, yaani zile pande mbili zilizokatwa dukani, na hata hapo mi siku hizi nakata kimoja kimoja. Tandika chini, jifunge kwanza kama unaenda sokoni uone ndege wanaangalia wapi, cheka tu lakini jifunge.

Vipimo vya foronya ya mto wa kochi, ule wa inchi 18, isiyo na zipu maana zipu tuiache kwanza. Kipande cha mbele 18 kwa 18. Usiongeze. Ukishashona nusu inchi kila upande foronya inabaki 17, mto unajaa vizuri, ukiongeza unapata mto umelegea kama shavu la mzee. Nyuma vipande viwili, kila kimoja 18 kwa 13, upande mmoja wa ile 18 unapinda nusu inchi halafu inchi moja tena unapiga mshono, kinabaki 11 na nusu. Viwili ni 23, mto unataka 18, kwa hiyo vinalaliana inchi 5 hapo katikati na mto hautoki hata watoto wakiurukia. Sasa uzuri wake uko hapa: 18 na 13 na 13 ni 44, na kitenge kina upana wa kama inchi 46, kwa hiyo foronya nzima inatoka kwenye nusu yadi, kutoka ukingo hadi ukingo, na ndege wote wanaangalia juu. Yadi 6 zinakupa foronya 12. Mi nilipata sita na lundo la vipande visivyo na kazi kwa sababu nilikata hovyohovyo bila hesabu.

Wakati wa kuunganisha, tandaza cha mbele kikiangalia juu, weka juu yake kile cha nyuma unachotaka kionekane kwa nje, kikiangalia chini, halafu ndo cha pili. Watu wanageuza mpangilio huu halafu wanashangaa upindo umeingia ndani. Zungusha mshono pande zote nne, pale vinapolaliana pita mara mbili, kata kidogo zile kona, geuza.

Ila kabla ya yote hayo kifue. Najua hamtaki, kitambaa kipya kina ule ugumu na mng'ao na unaona ukifua unakiharibia sura, lakini pamba inaruka, na ikiruka baada ya kushonwa foronya yako ya 17 inakuwa 16 na nusu na mto hauingii. Khanga ndo usiseme, hasa kisutu ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, loweka peke yake uone maji yatakavyokuwa, bora iachie rangi kwenye beseni kuliko kwenye kochi la cream. Kianikwe kivulini, kipigwe pasi kikiwa na unyevu kidogo. Na hiyo pasi isizimwe, maana kushona nusu yake ni pasi, kila mshono ukimaliza pasi, kila upindo kabla ya kushona pasi. Kazi ya mtu asiyepiga pasi unaijua ukiwa mlangoni.

Na jueni mnachonunua. Ukienda Mtaa wa Uhuru au ukazunguka Kariakoo utaambiwa kila kitu ni pamba, "mama hii kotoni tupu". Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, nenda nazo nje, ziwashe na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na inabaki jivu laini ukiligusa linapotea. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inabaki kidonge kigumu cheusi. Kwa mapazia poliesta sio mbaya, haikunjamani, lakini kwa vishika sufuria usithubutu, itayeyukia mkononi na sufuria iko motoni. Wenye ndugu Uingereza mnaletewa saa nyingine vile vitambaa vya Liberty vya maua madogomadogo, vile laini wanaviita Tana Lawn, jina limetoka Ziwa Tana la Ethiopia, hivyo ni pamba kweli lakini nyembamba, vinataka sindano namba 11. Wax na khanga namba 14, jinzi 16. Sindano badilisheni jamani, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hii kazi na ndo watu wanakibania. Ukiisikia inatoboa kitambaa kwa mlio wa tak tak tak ujue imeshakuwa butu.

Cherehani yenyewe sina mengi. Ya umeme, ya miguu, ya mkono, zote zitashona mstari ulionyooka na mstari ulionyooka ndo pekee mnaouhitaji mwaka wa kwanza. Kitu kimoja tu kitawatoa machozi: uzi kujisokota chini ya kitambaa, ukigeuza unakuta kiota cha ndege. Mi nilihangaika na bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, wiki mbili, nikanunua bobini mpya, nikabadilisha kisanduku chake, wapi. Siku moja nikaibeba cherehani mpaka barazani kwa mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu, nikamwamkia, hata hakuifungua. Akachomoa uzi wa juu wote, akainua ule mguu unaokandamiza kitambaa, akapitisha uzi upya taratibu, akashusha mguu, akashona kipande cha gunia lake, safi. Akaniambia, "Mwanangu, ukiona uchafu chini ujue kosa lako liko juu." Mguu ukiwa chini zile sahani mbili ndogo za kubana uzi zimefumba, uzi unapita juu yake tu hauingii katikati, basi haubanwi, unamwagikia chini wote. Nikauliza shilingi ngapi akasema nenda zako.

Mifuko ya sokoni ni mradi wa pili mzuri, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mi sijanunua mfuko tena. Vipande viwili, mikanda miwili, umemaliza mchana mmoja, ila mikanda ishone kisanduku chenye msalaba ndani yake pale inaposhikana na mfuko, usipige mstari mmoja ukategemea ubebe viazi.

La mwisho, khanga na kazi za watu. Mkishajua kushona jirani atajua, na ataleta kitambaa chake. Kataeni, angalau mwaka mmoja. Mi jirani yangu aliniletea doti aliyopewa na dada yake, anataka foronya mbili kutoka khanga moja, ile nyingine aendelee kujifunga. Jina lilikuwa WEMA HAUOZI. Khanga sio kitambaa cha kukata popote, ina pindo pande zote nne, ina mji wake katikati, na jina lina mahali pake chini ya mji, ukitaka foronya unapima kuanzia kwenye jina kwenda nje, sio kuanzia pembeni kuja ndani. Mimi nikaikunja katikati, nusu kwa nusu, ili vipande vilingane. Vililingana kweli. Nikashona, nikapiga pasi, nikampelekea. Mto mmoja umeandikwa WEMA HA, wa pili umeandikwa UOZI. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Shoga, sasa huu wa pili nimweke mgeni gani?" Nikaenda kununua doti nyingine, na ile mito ninayo mimi, iko chumbani, sebuleni haitoki.