Mgonjwa amelazwa, usikimbilie kupima kingamwili

Juzi nimeandikiwa na dada mmoja wa Maweni, hapa hapa Malindi. Babake amelazwa kwa Korona, na kijana wa maabara anamsukuma alipe apimwe kingamwili, zile protini za damu ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, eti wajue kama mwili unapigana. Moyo ukanipaa. Maneno kama hayo tuliyasikia mwaka 2021, ami yangu alipougua.

Homa ya ami ilikuwa haijatimiza wiki. Maabara moja ya mjini ikamtoboa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo cheupe cha kingamwili, ukatokea mstari mmoja tu. "Huna kitu, mzee, kapumzike." Akarudi akalala barazani, anavuta pumzi kwa mabega, midomo imepauka. Watu wazima wote walikubali apumzike. Mimi nikakataa, nikaita tuktuk. Hospitalini walipombana kidole kwa kile kimashine, oksijeni ilisoma 84, chini mno. Alipona, alhamdulillah, lakini lile "huna kitu" bado linaniuma.

Jamani, kingamwili haziji siku kikohozi kinapoanza. Kwa wengi huonekana wiki ya kwanza hadi ya pili tangu dalili, kwa hiyo ukipima mapema usizione, kirusi kinaweza kuwa kimejaa tele. Chenyewe hutafutwa puani au kooni. Na hili watu hawaliamini: waliolazwa hoi mara nyingi huwa na kingamwili nyingi kuliko waliougulia nyumbani kidogo tu. Wingi wake haukuambii mgonjwa yuko salama. Kwa waliozidiwa, mapafu huumizwa pia na kinga ya mwili inayowaka kupita kiasi, ndiyo maana mwaka 2020 deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ilionekana kupunguza vifo vya wanaohitaji oksijeni.

Kipimo chenyewe sikikatai. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi walipima damu za wachangiaji mwaka 2020 wakajua kirusi kimeenea kiasi gani nchini. Hiyo ndiyo kazi yake. Kumtoza mtu ambaye mzazi wake anahema kitandani ni dhuluma, na tuiseme wazi.

Dada yangu, daktari akipita asubuhi muulize oksijeni ya baba ilishuka hadi ngapi usiku, na kama anahitaji deksamethasoni. Kijana wa maabara akirudi, mpeleke kwa daktari huyo huyo, amweleze yeye hicho kipimo ni cha nini.