Ukimwajiri aliyetoka jela, mlipe jioni

Watu huniuliza kama siogopi. Karakana yangu ya samani iko upande wa Kisauni, Mombasa, mtaa ambao magenge ya vijana wenye mapanga yametuzoesha kufunga mapema, na baadhi ya mafundi wangu wamewahi kufungwa Shimo la Tewa. Hao siwaogopi. Ninayemwogopa ni yule aliyetoka wiki jana na bado hajapata hata kibarua.

Huyo hana kitambulisho, shemeji hataki alale kwake, na wanaompokea kwa furaha ni wa maskani peke yao. Watamnunulia chai na muguka, na siku ya tatu watamwambia kuna shughuli ya usiku. Ndiyo maana nawasihi wenye karakana, gereji na mahoteli: msimwambie angoje mwisho wa mwezi. Hatafika. Mlipe kila jioni, pesa taslimu, maana bila kitambulisho hata laini ya simu hana. Akishatulia, mlipe kwa wiki, kisha kwa mwezi kama wengine.

Cheti cha tabia njema achana nacho. Unajua tayari alifungwa, sasa karatasi ya polisi itakueleza nini kipya? Ulizia cheti chake cha mtihani wa ufundi, gredi aliyopata. Jela zetu hufundisha kazi kweli (namba ya gari unaloendesha imetoka Kamiti, mikononi mwa wafungwa). Nina fundi mmoja ambaye kwa randa ya mkono hana mpinzani. Hulainisha hata chini ya droo, mahali mteja hatagusa maisha yake yote. Mashine ya umeme ndiyo ilimpiga chenga, kwa hiyo nilimweka na fundi mzee mpaka akaizoea. Pia, mwanzoni, saa saba wenzake wakienda kula, yeye alibaki amesimama kando ya benchi akingoja kuamriwa. Usimcheke. Mwambie tu, "Twende tukale."

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni daftari. Mtaani kukikatwa mtu panga, polisi hufanya msako, na wa kwanza kubebwa ni mwenye rekodi, awe alikuwepo au hakuwepo. Kwangu kila mtu hutia sahihi akiingia na akitoka, saa imeandikwa. Naandikisha wote, si wao pekee, ili isionekane ni alama ya mfungwa. Na aliyetoka jela, kabla hata hajashika msumeno, nampeleka kwa mzee wa mtaa na kwa chifu wamjue kwa jina. Daftari hilo limeshawahi kumtoa mtu seli.

Kuhusu umri nitasema wazi, ingawa wengine watanuna: anza na waliokwisha pevuka. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Christopher Uggen, alichapisha uchambuzi wa mradi uliowapa kazi watu wenye rekodi ya uhalifu. Wenye miaka 27 na zaidi waliopewa kazi walirudia uhalifu kidogo kuliko wenzao waliokosa. Kwa wadogo wao kazi haikuleta tofauti ya maana. Karakanani naona hivyohivyo. Mwenye mtoto anayedaiwa karo atavumilia vumbi la mbao. Wa miaka 19 anataka heshima ya kijiweni kwanza, na huyo mshahara peke yake haumshiki. Mpe mtu mzima wa kumfuata, na usimkubali rafiki yake wa genge aje kumtembelea kazini.

Mahali pa kuwapata ni ofisi ya probesheni, ile ya serikali inayowasaidia wafungwa kurudi uraiani. Waulize nani anakaribia kutoka na ana gredi gani, kisha mwagizie kupitia wao kwamba ana kazi Jumatatu.