Maswali ya Wasomaji: Anayeanza Pikipiki

SWALI: Namfundisha mpwa wangu pikipiki ya cc 125. Kila akiondoka, ama inazima ama inaruka kama mbuzi. Sasa ni wiki ya pili. Nimwambie azidishe resi? – Mjomba, Kisauni

JIBU: Hapana mjomba, kwa sasa resi mwondolee kabisa. Kosa liko mkono wa kushoto. Anaachia klachi vizuri mpaka pikipiki inapoanza kwenda, kisha vidole vinafunguka vyote kwa pamoja. Kama hana resi, injini inazidiwa na kuzima. Kama anayo, pikipiki inaruka, mwili unarushwa nyuma, na mkono wa kulia ulioshika gripu unazidi kuivuta. Hivyo ndivyo wanafunzi wanavyoingia ukutani.

Anza kwa kukagua klachi yenyewe. Ncha yake icheze kama milimita 10 kabla ya kukaza. Ikicheza mno haikati sawasawa, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Isipocheza kabisa inateleza na sahani za klachi, zilizo ndani ya injini, zinaungua.

Tafuta kiwanja tambarare, kigumu, kisicho na mchanga. Injini imewaka, gia ya kwanza, miguu yote chini, resi asiiguse. Aachie klachi polepole mpaka mlio wa injini ushuke na pikipiki itake kwenda. Aishikilie hapo, ahesabu moja mpaka tatu, abane tena. Mara 20. Halafu iende naye mita 10, miguu ikitambaa chini, klachi palepale mpaka ifike mwendo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo aachie iliyobaki. Resi ije baadaye, kidogo, na kifundo cha mkono wa kulia kikae chini. Apumzike kila dakika 15, kwani vidole vilivyochoka huachia vyenyewe. Mkisikia harufu ya kuungua, zimeni ipoe.

SWALI: Kijana wangu hagusi breki ya mbele. Wenzake stejini wamemwambia itampindua. – Mama, Likoni

JIBU: Mama, ushauri huo ni wa hatari. Pikipiki ikifunga breki, uzito unahamia mbele: tairi la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Anayekanyaga ya nyuma peke yake anakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na tairi likijifunga linaserereka pembeni. Kinachoangusha ni kuinyakua ya mbele ghafla kabla uzito haujahamia, au kuibana usukani ukiwa umekunjwa.

Aibane kama wewe unavyokamua tui: kushika kwanza, kisha kuzidisha. Weka kandambili mbili chini ziwe alama. Aje kwa kilomita 20 kwa saa, usukani umenyooka, macho mbele na si kwenye kandambili. Akifika kwenye alama, abane breki zote mbili. Klachi mwishoni, injini isizime. Akisimama sawa mara 10, apande hadi 30. Ajue pia kwamba mwendo ukiwa maradufu, masafa ya breki huwa kama mara nne.

Kwenu huko kuna jambo moja zaidi: bamba la chuma la kuingilia feri, hasa likilowa. Apunguze mwendo kabla ya kulifikia. Akiwa juu yake apite amenyooka, gia ya kwanza, asibane breki wala kuvuta resi kwa ghafla. Kabro zenye maji nazo ni vivyo hivyo.

SWALI: Nina miaka 19, nimejua kuendesha. Naweza kuanza kubeba abiria wa kulipa? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Bado. Leseni ya bodaboda ni daraja A3, nayo huanzia miaka 21. Kwa sasa unaweza kupata A2 ya pikipiki yako mwenyewe. Miaka hii miwili rudi kiwanjani ukiwa na mtu mzima nyuma, nyote mmevaa helmeti zilizofungwa kidevuni, urudie kuondoka na kusimama. Utaona usukani unavyokuwa mwepesi na breki zinavyochelewa.