Gari Linachemsha Mlimani: Kagua Rejeta Kabla ya Pampu

SWALI: Natumia Corolla 110 yenye injini ya 5A. Mtwara mjini haina tatizo, ila nikitoka Masasi kupanda Newala mshale wa joto unakaribia nyekundu. Nikisimama nikaiacha injini inaunguruma, unashuka. Fundi aliitoa themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto), hali ikabaki ileile. Kila wiki naongeza karibu nusu lita ya maji ya kisima. Sasa anasema ninunue pampu ya maji. Ninunue?
Msomaji, Masasi

JIBU: Usinunue bado, ndugu msomaji. Injini inayopoa ikisimama na kuchemsha mlimani kwa kawaida ina feni nzima, na maji yake yanazunguka. Inachoshindwa ni kutoa joto jingi kwa mara moja. Hayo maji ya kisima ndiyo yanayotutia shaka: chumvi na chokaa huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta, vikaziba kidogo kidogo, na mjini usigundue lolote.

Lakini nusu lita kwa wiki lazima ina mahali inapokwenda, kwa hiyo anza na gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, maana ndiyo yenye gharama. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakitoka mfululizo, hasa ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Angalia pia chini ya kifuniko cha oili kama kuna utando wenye rangi ya maziwa. Ukiona dalili hizo, usipande tena Newala mpaka hedi ifunguliwe na kupimwa kwa rula ya chuma. Ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.05, isirudishwe hivyo hivyo.

Gasketi ikiwa nzima, tazama mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9 hushikilia presha inayofanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukikakamaa au kupasuka, maji humwagika mapema kupitia kopo la akiba, na nusu lita yako huenda inapotelea hapo. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na mafundi wengi hukiruka.

Themostati irudishwe. Bila hiyo, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ipime kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni: ianze kufunguka karibu nyuzi 82, na yakichemka iwe wazi angalau milimita 8. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Sasa rejeta. Pasha injini, zima, toa ufunguo, kisha pitisha kiganja karibu na uso wake. Penye ubaridi pameziba. Bonyeza pia mapezi, vile vibati vyembamba kati ya vijia, kwa kidole. Magari ya pwani huliwa na hewa ya chumvi hadi mapezi yanakatika kama unga. Rejeta ya shaba hufunguliwa ikapigwa waya. Ya alumini yenye matangi ya plastiki, ni afadhali kuibadilisha.

Pampu iwe ya mwisho: tikisa puli yake kwa mkono, tazama tundu dogo la chini kama linavuja, na hakikisha mkanda haulegei. Ukimaliza, jaza kulanti (dawa ya kupoozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Yakikosekana, maji safi ya mvua, ambayo Newala watu huyavuna kwenye mabati, ni bora mno kuliko ya kisima.

SWALI: Corolla yangu ya mwaka 1994 huchemsha nikiwa kwenye foleni tu, nikitembea inapoa.
Msomaji, Lindi

JIBU: Feni. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Kwenye Corolla nyingi za miaka hiyo, feni inapaswa kuzunguka papo hapo, kwa hiyo weka vidole mbali. Ikizunguka, badilisha swichi hiyo. Isipozunguka, kagua fyuzi, kisha rilei (swichi ya umeme inayoipa feni moto), halafu upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota yake. Ikikaa kimya hapo, mota imekufa.