Steringi akifa kipindi cha mwisho, usimzike

Usifute! Umeuliza kama kuna mtu anayeamini kweli kwamba steringi, yaani mhusika mkuu wa mfululizo, amekufa msimu unapoisha. Halafu unasema leo usiku unafuta vipindi vyote kwenye flashi kwa hasira. Ndugu yangu, usiguse kitu.

Mwaka 2015 nilimwona Jon Snow, steringi wa mfululizo wa Game of Thrones, akichomwa visu na wenzake, damu ikatapakaa kwenye theluji, basi, msimu umekwisha. Nikamwendea muuza muvi mmoja pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Akaniapia: huyo kaondoka, mwigizaji mwenyewe kasema harudi. Papo hapo akanijazia mfululizo mwingine, na pesa akachukua. Mtu ana bidhaa ya kuuza, atakwambiaje ungoje? Mei 2016 niko ndani ya feri ya Likoni, vijana wawili nyuma yangu wanasimuliana kwa sauti jinsi Jon Snow alivyofumbua macho. Wallahi niliumia. Ule mshtuko wa kujionea mwenyewe niliporwa, na hata nikikitazama kile kipindi mara mia haurudi. Kit Harington, mwigizaji wake, aliomba radhi kwa kutudanganya. Muuza muvi hajaomba mpaka leo!

Sasa shika hili: tazama kifo kimewekwa wapi. Mwandishi anayeua kweli huacha nafasi ya matanga. Ned Stark wa mfululizo huohuo, 2011, alikatwa kichwa kipindi cha tisa katika msimu wa vipindi kumi. Cha kumi kikawa cha msiba, mwanawe Robb anaukatakata mti kwa upanga kwa uchungu. Robb naye, 2013, kauawa kipindi cha tisa. Hao hawakurudi. Jon Snow kaanguka mwisho kabisa wa kipindi cha kumi, hakuna aliyepata hata nafasi ya kumlilia. Hicho ni chambo cha kukurudisha msimu ujao.

Na hata wakimlilia, kama ni kipindi cha mwisho, ngoja. Bobby Ewing wa mfululizo wa Dallas alikata roho mwisho wa msimu wa 1985, jamaa zake wamemzunguka kitandani, na Patrick Duffy aliyemwigiza alikuwa ameacha kazi kweli. Mwaka 1986 Pam, aliyekuwa mkewe, akamkuta bafuni anaoga. Tukaambiwa msimu mzima ulikuwa ndoto ya Pam!

Wako kaanguka kipindi cha ngapi? Niandikie hapa kabla hujafuta.