Kuganda si kuchacha: tui la nazi kwenye baridi ya Mbeya

Sufuria ya kwanza ya tui niliyoimwaga hapa Mbeya haikuwa na ubaya wowote. Nilikuwa mgeni, mwezi wa saba, tumepanga chumba na sebule kule Uyole. Jioni nilikuna nazi mbili, nikakamua, nikapata tui la maharage ya siku ile na la wali wa kesho yake. Friji hatukuwa nayo. Nikafunika sufuria, nikaiacha mezani, nikalala. Asubuhi nafunua, juu nakuta gamba jeupe, gumu, ukiligonga kwa kijiko linalia ko, na chini yake maji ya kijivujivu. Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu tui likifika kushikana hivyo limeshakwisha, na harufu hukuwahi hata kabla hujafunua. Hili halikunuka kitu, ila sikutaka kubahatisha. Nikalimwaga nyuma ya nyumba, kuku wa mwenye nyumba wakaligombania.

Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, alikuwa anachota maji akanitazama tu. "Dada, umemwaga chakula," akaniambia. "Mafuta yako ya nywele asubuhi yakoje?" Nikakumbuka. Chupa yangu ya mafuta ya nazi ilikuwa imeganda kama mshumaa tangu siku niliyoshuka basi.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pangani jikoni ni nadra kushuka huko, ndiyo maana mimi nilikua bila kujua kwamba tui lina tabia hiyo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Tui lililolala nje mafuta yake hupanda juu na kuganda. Lipashe moto polepole, likoroge, linarudi.

Basi nikajiona nimeshajua. Wiki mbili baadaye nikaacha tena tui mezani, safari hii kuanzia usiku mpaka saa tisa alasiri ya pili yake. Nilisahau kwamba baridi ya Mbeya ni ya usiku na asubuhi, mchana jua likipiga bati jikoni kwangu panakuwa kama tanuri. Gamba la juu lilikuwa limeshayeyuka, nikaona zuri, sikunusa, nikaunga ndizi. Mume wangu akaonja, akaweka kijiko pembeni. "Mke wangu, leo ndizi umezitia ndimu?"

Tangu hapo nina sheria moja: kuganda naona kwa macho, kuchacha nauliza pua na ulimi. Tui lililoganda halina harufu mpya. Lililochacha lina uchachu wa togwa, wakati mwingine lina vipovu pembeni, na ukilivuta kwa kijiko linateleza kama ute. Hilo halina dawa, wala kulichemsha hakulirudishi. Na hata baridi ya usiku mezani si friji. Tui bichi nikilikamua, ndani ya saa mbili liwe limeingia motoni, kwenye friji au kwenye friza. Kwenye friji siliachi zaidi ya siku mbili. La siku ya tatu nalinusa kwa mashaka, na mara nyingi linaishia kwa kuku.

Tuliponunua friza ndipo nilipoanza kukuna nazi mara moja kwa mwezi badala ya kila siku tatu. Sababu ni ya mfuko kama ilivyo ya mgongo. Nazi za huku zinapanda lori kutoka pwani, zaidi ya kilomita 800 ukihesabu kutoka Dar, na Ramadhani ikikaribia bei ya soko la Mwanjelwa haisemeki. Ukipata mzigo umeingia vizuri, nunua nazi kumi au kumi na tano, tenga Jumamosi moja, uzimalize.

Ila friza siyo mganga. Unachokitia kibovu kinatoka kibovu na baridi juu yake. Kwa hiyo kazi kubwa iko sokoni. Nazi naitia sikioni naitikisa, nataka kusikia maji yanacheza. Isiyolia ama imepata ufa njiani ama imekauka. Kisha natazama yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, naiacha hata kama muuzaji ananiita mama mara ngapi. Iliyochipua ndani ina joya, lile bonge laini kama sifongo. Watoto wangu joya wanaligombania kuliko pipi, lakini nyama ya nazi hiyo imeshapungua mafuta, tui lake ni maji. Nyumbani sasa, kila nazi naivunja juu ya kikombe chake na kuonja maji. Yakiwa na ladha ya sabuni au uchungu, nazi hiyo haiingii kwenye beseni. Waswahili waliposema nazi mbovu harabu ya nzima hawakuwa wanapamba maneno. Niliwahi kupuuza moja katika kumi na mbili, na trei zote nne za tui zikatoka na ladha ya sabuni. Nilipika nazo mwezi mzima kwa ubahili, nyumbani hakuna aliyesema kitu lakini sahani zilirudi na wali.

Wakati wa kukuna, ukifika kwenye ngozi ya kahawia simama. Ukiikwangua tui linakuwa la kijivu. Na hapa ndipo mtu wa pwani akija bara anapokosea: maji ya kukamulia. Kwetu tunatia maji ya mtungini, mchezo umekwisha, kwa sababu joto la hewa limeshayalainisha mafuta. Mbeya ukitia maji ya bombani asubuhi, mafuta yanaganda humohumo kwenye machicha, unakamua mpaka vidole vinakufa ganzi, unapata maji meupe tu. Tia maji ya moto, yale ambayo mkono unayavumilia kwa shida kidogo. Yaache yakae na nazi dakika tano, kisha kanda kwa kiganja ndipo ukamue. Utauona utofauti kwenye vidole, vinakuwa na utelezi wa mafuta. Nazi mbili kubwa kwa vikombe viwili vya maji hunipa nusu lita ya tui zito na zaidi kidogo.

Tui la pili, lile jepesi, siligandishi. Linajaza nafasi kwa maji matupu. Nalipikia siku hiyohiyo, maharage au viazi, na machicha yanakwenda kwa kuku, ambao nadhani ndio wanufaika wakubwa wa makala hii.

Kabla ya kugandisha, tui zito nalipasha. Wengine hawafanyi, na kama mikono yako, chujio na maji ni safi si lazima, lakini nazi ikiwa imekunwa sokoni kwa mashine, mimi silali usingizi bila kulipasha. Moto mdogo, unachota kwa upawa na kumimina, unachota na kumimina, mpaka mvuke upande na vipovu vidogo vianze pembeni mwa sufuria. Hapo toa. Likitokota tui linakatika, linakuwa chengachenga. Kisha sufuria nzima inakaa kwenye beseni la maji baridi. Hili ndilo jambo moja ambalo Mbeya inatushinda watu wa pwani: maji ya bomba ya hapa yanapoza sufuria upesi, barafu ya nini?

Natumia trei za barafu za kawaida. Pima kwanza trei yako kwa maji ujue kitundu kimoja kinabeba kiasi gani. Yangu kinabeba vijiko viwili vikubwa, kwa hiyo vipande vinane ni kikombe kimoja, na sufuria ya maharage ya watu sita inataka kama kumi na viwili. Asubuhi vikishashikana navitoa, navitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, nabandika plasta nimeandika tarehe. Usiseme utakumbuka. Vitu vyeupe vilivyoganda vyote vinafanana, na mimi nimewahi kumtilia mgeni maziwa ya mtindi kwenye wali nikidhani ni tui.

Mfuniko unaobana nausisitiza kwa sababu mafuta ya nazi yanavuta harufu. Shemeji yangu alituletea samaki, mbasa wa Ziwa Nyasa, nikawapanga karibu na trei zilizokuwa wazi. Siku tatu tu. Mchuzi ulipendeza, maandazi hayakulika.

Na chupa za glasi usithubutu kuzijaza. Kimiminika chenye maji mengi kikiganda kinatanuka, maji yenyewe hutanuka kama asilimia 9, na glasi haina pa kwenda. Nilifungua friza nikakuta chupa mbili za jemu zimepasuka, tui limesimama lenyewe na umbo la chupa, vigae vimelizunguka. Huwezi kuokoa hata kijiko, kigae kimoja hukioni. Hata kopo la plastiki liachie nafasi ya vidole viwili juu. Tui la dukani la kopo la bati, ukitumia nusu, nusu nyingine ihamishe kwenye chombo kingine kabla hujaiweka kwenye friji au friza.

Vipande vyangu vinakaa miezi miwili, mitatu vikizidi. Havitadhuru mtu vikipita hapo kama friza haijayeyuka, lakini utamu unapungua na kunakuwa na ladha fulani ya karatasi.

Sasa jambo la kusemwa kwa ukweli: tui lililogandishwa kwenye friza halirudi kuwa lilelile. Barafu inapojijenga inachanachana vile vitone vya mafuta vilivyokuwa vimeelea vizuri, na likiyeyuka unaona maji huku na punje za mafuta kule. Watu wengi hapo ndipo wanapolitupa, kosa langu la Uyole lilelile. Kwa maharage, mchicha, kisamvu au wali, vipande natupia moja kwa moja mwishoni, moto mdogo, nakoroga bila kuondoka. Hakuna atakayejua. Kwa maandazi naliyeyusha usiku kucha ndani ya friji, kisha linapita kwenye blenda nusu dakika likiwa vuguvugu. Likishayeyuka kabisa na kupata joto, usiligandishe tena. Lakini mchuzi wa samaki wa nazi wa kumpikia mgeni wa heshima, ule unaotaka tui laini kama hariri, mimi navunja nazi mpya.

Au natumia njia ya pili, ambayo siku hizi ndiyo ninayoipenda zaidi. Sigandishi tui, nagandisha nazi yenyewe ikiwa imekunwa. Naitandaza nyembamba kwenye kopo pana, kiasi cha nazi moja kwa kila kopo, nabonyeza hewa itoke, nafunika. Siku ya kupika nachukua bonge lile, namimina maji ya moto juu yake, nasubiri, nakamua. Kwa kuwa tui limezaliwa palepale, halina punje wala kujitenga, na jirani yangu yule wa Uyole, aliyenizidi miaka ishirini ya jiko, hakulitambua. Ubaya wake ni kwamba inakula nafasi, na jioni ukiwa umechoka bado una kazi ya kukamua. Ukiwa na friza ndogo, vipande vya tui. Ukiwa na nafasi, nazi iliyokunwa. Mimi nina vyote viwili, vipande ni vya siku za kazi.

Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia. Friza iliyojaa, ikibaki imefungwa, inashika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Ndiyo maana nafasi tupu naijaza chupa za plastiki za maji. Na ndani nina kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu ya shilingi mia juu yake. Nikirudi safari nikakuta sarafu imezama katikati ya barafu, najua vilivyomo viliyeyuka kiasi vikaganda tena wakati sipo, na tui lote linatoka, hata kama linaonekana gumu na zuri. Mwaka juzi sarafu ilikuwa chini kabisa. Makopo tisa. Nililia kidogo, sitaki kusema uongo.

Mwezi wa kumi na mbili huwa tunashuka Kyela kwa wakwe, na mama mkwe wangu ameshazoea kudai tui lake. Vipande navitia kwenye hotipoti, kwa sababu chombo kinachozuia joto kutoka kinalizuia pia kuingia, nazungushia magazeti na khanga mbili. Ni zaidi ya kilomita 100, unapita Tukuyu na mvua yake, kisha barabara inateremka na joto linaanza kukupanda shingoni. Kwenye mkoba wangu mafuta ya nywele yaliyokuwa mshumaa Mbeya yanakuwa yameshakuwa maji tukikaribia Kyela. Nikifungua hotipoti, vipande vimelainika pembeni tu.

Mara ya kwanza mama alikichukua kimoja, akakigeuzageuza kiganjani, akakilamba. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, "lakini mchele nimeshauchagua, usikae." Kisha akavitia vyote kumi na sita kwenye sufuria, kabla sijamwambia kwamba nane vilikuwa vya kesho.