Kazi ya muda ukiwa chuo: anza na ratiba yako

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniuliza atafute kazi gani, namwambia anionyeshe kwanza ratiba yake ya vipindi. Shida ya pesa naijua. Hata baada ya Bodi ya Mikopo kupandisha fedha ya kujikimu kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ukitoa chakula, nauli na kopi, bumu, yaani pesa hiyo ya mkopo, linakata kabla ya semesta kwisha. Na wapo wasiopata mkopo kabisa. Lakini kazi itakayokufanya urudie somo ina gharama kubwa kuliko mshahara wake.

Kuzunguka Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kazi zipo: kuchapa na kutoa kopi steshenari, kukaa kwenye kibanda cha wakala wa miamala, kuuza mtumba hosteli, kukusanya data za watafiti. Mimi niliishi kwa tuisheni, na kwa anayemudu hesabu, sayansi au Kiingereza bado naiona ndiyo bora kuliko zote. Sababu ni kalenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, wa kidato cha nne Novemba. Kwa hiyo wazazi huhangaikia walimu kuanzia Julai hadi Oktoba, na hapo ndipo chuo chetu kwa kawaida kinakuwa likizo ndefu. Ukishamaliza mafunzo kwa vitendo, wiki zinazobaki ni zako. Chuo kikifunguliwa, watahiniwa wako wanaingia kwenye mtihani, nawe unabaki na mtoto mmoja au wawili wa Jumamosi. Steshenari ni kinyume chake: wateja hufurika wiki za kukusanya kazi na kuelekea UE, mtihani wa mwisho wa semesta, wiki zilezile unazotakiwa kuwa maktaba.

Wanafunzi utawapataje? Matangazo ya kubandika ukutani hayakunisaidia. Mzazi hamwingizi mtu asiyemjua sebuleni kwake akae na mwanawe. Waambie watu wanaokujua tayari: shangazi, jirani, wanakwaya wenzako au watu wa msikitini, mwalimu wako wa zamani. Waambie somo gani, kidato gani, siku zipi. Ukisema tu "natafuta kazi yoyote", hakuna atakayekukumbuka. Ukienda kuonana na mzazi, mpe namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, aone mwenyewe alama zako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Niliona nyuso zikibadilika kwa jambo hilo dogo.

Malipo yazungumzwe siku hiyohiyo, mbele ya mzazi: vipindi vingapi kwa wiki, saa ngapi, pesa inalipwa tarehe ngapi. Piga hesabu ya nauli kabla ya kutaja bei. Mtoto wa Sinza anayelipa kidogo anaweza kukuachia zaidi kuliko wa Mbezi anayelipa vizuri, ukihesabu daladala mbili na foleni ya jioni. Dada zangu, fundisheni sebuleni au barazani, mzazi akiwepo nyumbani, na mtu mmoja hosteli ajue mko wapi.

Anayekudai pesa ya fomu, ya usajili au ya sare kabla hujaanza kazi, achana naye. Usijadiliane naye.

Jambo la mwisho ni zito kwangu. Pale UDSM alama 40 kati ya 100 hupatikana ndani ya semesta, kwa majaribio na kazi za darasani, siyo mwishoni. Kwa hiyo mzazi ajue mapema wiki zako za majaribio na za UE. Mtafute mwenzako wa kozi nyingine, ambaye ratiba yake haifanani na yako, umtambulishe kwa mzazi mwanzoni kabisa. Wiki unazobanwa atafundisha yeye na kulipwa yeye, na wiki zake utamshikia wewe.